Mjapani Wangu na Wasomaji wa Tanga

Chama chetu cha wasomaji kilikuwa na wanachama kumi na wanane, na kwa haki ya Mungu waliokuwa wakisoma vitabu hawakuzidi watatu. Waliobaki walikuwa wakivaa tai. Tulikutana kila Jumamosi alasiri katika ukumbi mdogo mjini Tanga, miaka ya hamsini ikielekea ukingoni, na kila mmoja alikuja na kitabu kwapani, jina la kitabu limeelekezwa nje ili wapita njia walione. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya kati, kijana wa miaka ishirini na sita, na tai yangu nilikuwa nimeazima kwa mwalimu mwenzangu, kwa hiyo sijitoi katika lawama.

Mwenyekiti wetu alikuwa karani mkuu katika ofisi moja ya serikali. Alivaa kaptura iliyopigwa pasi ikasimama kama ubao, na soksi ndefu hadi magotini. Alitembea na kitabu kimoja kinene kwa muda wa mwaka mzima na ushei, na ndani yake alichomeka tikiti ya basi kuonyesha alipofika. Siku moja alikisahau mezani nikakifungua. Tikiti ilikuwa ukurasa wa kumi na moja. Miezi mitano baadaye nikakifungua tena, nikaikuta pale pale, imeshaacha alama ya kahawia kwenye karatasi. Lakini ukimwuliza habari za kitabu hicho, alikiweka juu ya kiganja, akakipandisha na kukishusha kama mwuza samaki, akasema, "Ni kizito." Hapo hakuwa mwongo.

Riwaya ya Mjapani niliipata katika maktaba ya mjini, ambako bibi wa Kizungu aliyetunza vitabu alitufuata kwa macho kana kwamba tungevitafuna. Sitajidai kwamba niliichagua kwa sababu ya elimu. Niliichagua kwa kuwa ilikuwa nyembamba, na mimi nilitaka kitu cha kumaliza kabla ya Jumamosi ili nipate la kusema. Ilikuwa imefasiriwa kwa Kiingereza, na maelezo ya nyuma yalisema mwandishi bado yu hai, anaishi katika mji mdogo na mkewe, na hapendi kupigwa picha. Juu ya jalada wachapaji wa London walichora mwanamume ameshika upanga. Ndani ya kitabu kizima hamna upanga. Kilichomo ni kisu cha kukatia vitunguu.

Niliisoma darasani baada ya wanafunzi kuondoka, nimekaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakigusa mbao. Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Mtu mmoja alikuwa mpishi wa jeshi. Vita vimekwisha, nyumbani wamepelekewa habari kwamba amekufa. Mkewe, baada ya miaka miwili, amekaa na mdogo wa marehemu, na ana mimba. Kisha asubuhi moja "marehemu" anaingia uani na mfuko wake begani. Waandishi niliowazoea wangeanza hapo kupiga mayowe. Mke angezimia, ndugu wangeshikana mashati, na mwandishi angekushika sikio akwambie nani wa kuonewa huruma. Huyu Mjapani hakufanya hivyo. Mkewe alitenga chakula cha jioni. Akaweka mabakuli mawili, kama alivyozoea. Akayatazama. Akarudi jikoni kuleta la tatu, akakawia. Wale ndugu wawili wakakaa wakisikiliza mlio wa kabati likifunguliwa na kufungwa. Sura imekwisha.

Nilifunga kitabu nikatoka nje ya darasa, nikazunguka uwanja wa mpira mara mbili. Sikuwa nimejua kwamba inaruhusiwa kuandika hivyo. Nilikuwa nimefundishwa, nami nikawafundisha watoto wa watu, kwamba hadithi nzuri hueleza kila kitu. Mtu huyu alijua kila kitu, akanyamaza, na kimya chake kikanifikia mimi katika uwanja wa shule, kutoka nchi ambayo sikuijua ila kwa sufuria zake. Katika sehemu iliyobaki ya kitabu mpishi hasemi lolote juu ya mkewe. Anapika. Anapikia nyumba nzima, siku baada ya siku, na wewe msomaji unamwona anavyokata figili, ukajua leo amekasirika, au leo amesamehe, au leo amekumbuka. Niliisoma mara tatu kabla ya kuirudisha, kisha nikaiazima tena.

Jumamosi iliyofuata nilisimama nikawaeleza wenzangu. Nilieleza vibaya, nakiri, kwa sababu nilikuwa na furaha nyingi. Mwenyekiti alinisikiliza amefumba macho, kisha akayafumbua.

"Mwalimu," akasema, "umesema huyu mwandishi ni Mjapani?"

"Ndiyo, Bwana Mwenyekiti."

"Yule Mjapani wa vitambaa?"

Watu wakaanza kucheka.

"Kitu cha Mjapani ukikifua kinatoka rangi," akaendelea. "Mke wangu alinunua sinia la Kijapani, halikumaliza mwezi. Leo unatuletea hadithi yao? Watu tuliowapiga Bama?"

Wakati wa vita vya Bama, yaani Burma, yeye alikuwa Korogwe akigonga mihuri. Lakini wasomaji wetu walipiga makofi, na mmoja akaandika katika kitabu cha kumbukumbu za mikutano kwamba chama kimeijadili riwaya ya Kijapani na kuiona haina kina. Waliijadili kwa muda wa dakika nne.

Nilirudi nyumbani Ngamiani nimenuna. Nilikuwa nikiishi na shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa akipika vitumbua vya kuuza, na vitumbua vyake vilijulikana mtaa mzima. Shangazi hakujua kusoma wala kuandika. Alizaliwa Mkwaja, akaolewa Mkwaja, na mumewe alichukuliwa vitani Bama asirudi. Ilikuja barua, akasomewa na mtu mwingine. Eda ilipokwisha, wakwe wakataka aolewe na shemeji yake, ili mali na mwanamke visitoke nyumbani. Akawaambia yeye si mbuzi wa kuhamishwa kamba, akafunga vyombo vyake akaja mjini. Hayo nilikuwa nikiyajua tangu utotoni, lakini niliyajua kama mtu anavyojua kwamba nyumba yao ina ufa. Sikuyafikiria.

Aliponiuliza kilichoninunisha nikamwambia: nimesoma kitabu kizuri, wenzangu wamekicheka.

"Kitabu cha nani?"

"Cha Mjapani mmoja, shangazi."

Aliacha kukoroga unga. "Mjapani ndiye aliyenifanya mjane. Na wewe unakuja kumsifia nyumbani kwangu?"

Nikaomba radhi. Siku ya pili yake, saa ya chai, akaniuliza bila kunitazama, "Kinasemaje hicho kitabu?"

Nikaanza kumsimulia. Nilikuwa nikifungua kitabu mbele yangu na kufasiri sentensi kwa sentensi, yeye akipepeta mchele. Tulipofika pale pa bakuli la tatu, ungo ulisimama hewani.

"Amekawia jikoni," akasema.

"Ndiyo."

"Bakuli liko karibu. Halitafuti."

"Halitafuti, shangazi."

"Soma tena hapo."

Nilisoma tena. Wasomi kumi na wanane wa Tanga hawakuuliza swali moja lenye thamani ya hilo neno lake, "halitafuti". Tukaendelea hivyo kila siku alasiri. Hakuwa msikilizaji mpole. Mke wa kitabuni shangazi alimchukia toka mwanzo hadi mwisho. "Mimi niliambiwa hayo hayo nikakataa," alikuwa akisema. "Yeye nani alimfunga miguu?" Mdogo mtu alimwita mlamba vyungu. Mpishi alimpenda, lakini alimtukana pia kwa kunyamaza kwake, kama mama amtukanavyo mwanawe mgonjwa asiyetaka dawa.

Hapo nami nilifanya jambo la aibu. Katikati ya kitabu kuna sura ndefu ya mazishi ya mama yao wale ndugu, aliyekuwa akikaa nyumba ya pili. Hakuna kinachotokea ndani yake ila watu wanakuja, wanavua viatu, wanakaa, wanakwenda. Niliona shangazi atachoka, mtu asiyesoma ataelewa nini humo, nikairuka. Nikaanza sura iliyofuata kana kwamba hakuna kitu. Hazikupita dakika tano.

"Mama yao yuko wapi?"

"Amefariki."

"Lini? Juzi alikuwa akiosha maharage. Amekufa saa ngapi? Nani alimwosha? Umekula kitu hapo, mwanangu."

"Nilidhani utachoka, shangazi."

"Mimi nimezika watu wangapi, nichoke na mazishi? Kama ni mwandishi hodari ameyaweka kwa kuwa ameona yanatakiwa. Rudi nyuma."

Nikarudi nyuma. Nilimdharau Mwenyekiti kwa kutosoma, na mimi nilimdharau shangazi kwa kudhani hawezi kusikia. Katika mazishi yale, ndugu wawili wanabeba jeneza mbele na nyuma, na ndipo kwa mara ya kwanza wanalazimika kwenda hatua sawa. Mimi niliyesoma mara tatu sikuwa nimeliona. Shangazi aliliona kwa kusikia mara moja.

Miezi kadhaa baadaye ikaja habari kwamba afisa mmoja wa elimu, Mzungu, atakitembelea chama chetu. Mtu wa ofisini kwake alidokeza kwamba bwana huyo amesikika akisema riwaya za Kijapani siku hizi zinasifiwa sana huko Ulaya, na ametaja hasa yule mwandishi wangu. Mwenyekiti alibadilika kama upepo wa kusi. Jumamosi ile ile alisimama akatangaza kwamba yeye binafsi siku zote amekuwa akimheshimu mwandishi huyo, na kwamba atatoa hotuba juu yake mbele ya mgeni. Kitabu akakichukua maktaba. Nilifurahi kijinga. Nilisema moyoni, sasa atakisoma.

Kwa ajili ya chai ya mgeni ikatakiwa vitumbua, na vitumbua vya heshima ni vya shangazi. Akaja mwenyewe na sinia zake, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango, amejifunika kanga. Mzungu alikuwa mtu wa kujivunia Kiswahili chake, akaomba kikao kizima kiendeshwe kwa Kiswahili. Nilimwona Mwenyekiti anameza mate. Nusu ya utukufu wake ilikuwa katika Kiingereza cha puani.

Akasimama hata hivyo. Akaweka kitabu kiganjani, akakipima, akasema ni kizito, ingawa kilikuwa chembamba kama chapati. Kisha akaanza.

"Mabibi na mabwana, riwaya hii ni ya ushujaa. Askari hodari anarudi kutoka vitani, nishani zimejaa kifuani. Anakuta ndugu yake amemsaliti. Anachukua upanga wa mababu zake..."

"Upanga gani?" sauti ikatoka nyuma.

Watu wakageuka. Nilijua sauti ile kabla sijageuka, nikatamani sakafu inimeze.

Mwenyekiti akatabasamu kwa subira ya wakubwa. "Mama, tafadhali, kuna mkutano."

"Nakusikia, baba. Ila upanga haumo. Yule bwana alikuwa mpishi. Alikuwa na kisu cha vitunguu, tena kilikuwa butu, akakinoa kwenye ngazi ya nyumba ya ndugu yake, na ndugu yake akawa ndani anasikia."

Mwenyekiti akafungua kitabu, akakifunga, akatazama picha ya jalada kama mtu anayeomba shahidi wake aseme.

"Mama, wewe unajua kusoma?"

"Sijui," akasema shangazi. "Nimesomewa. Wewe unajua kusoma, na hukusoma. Nami mume wangu amelala huko Bama, sitakaa hapa nisikilize mtu anawazulia watu vita asivyopigana."

Mzungu alikuwa wa kwanza kucheka, na kwa kuwa Mzungu amecheka, wote wakacheka, hata wale waliokuwa wakiitikia kwa vichwa habari ya upanga nusu dakika kabla. Hicho ndicho kicheko nilichokichukia kuliko vyote. Mwenyekiti mwenyewe alicheka, akipangusa shingo kwa leso. Shangazi hakucheka. Alibeba sinia moja ambalo halijaguswa akaenda zake, akisema watu hawa hawastahili nazi yake.

Baada ya chai Mzungu alinivuta kando, akaniuliza yule mama ni nani. Nikamweleza. Akasema ni jambo la ajabu sana, kubwa sana. Nami kwa hamu nikamwuliza yeye alionaje sura ya mazishi. Akapepesa macho. Akasema, kusema kweli, yeye aliishia sura ya pili. Majina ya Kijapani humchanganya. Lakini alisoma makala nzuri sana kuhusu kitabu hicho katika gazeti la kwao. Nikatazama nje ya dirisha. Kumbe tofauti ya mkubwa wa serikali na karani wake ilikuwa sura mbili.

Wiki iliyofuata nikaondolewa chamani kwa utovu wa adabu. Barua iliandikwa kwa mashine, na neno "adabu" lilikosewa.

Ningependa kusema Mwenyekiti aliaibika. Watu wa namna ile hawaaibiki, huchelewa kidogo tu. Haikupita miezi miwili akaja nyumbani kwetu Ngamiani, amevaa kanzu safi, akabisha hodi kwa unyenyekevu. Shangazi alikuwa uani; alipomwona akageuza mgongo akaendelea kukuna nazi.

"Mwalimu," akaniambia, "nimealikwa Korogwe, kwenye mkutano wa walimu na makarani. Afisa elimu amenipendekeza. Wanataka nizungumze juu ya kitabu cha pili cha yule Mjapani wako. Kazi zimenizonga. Ungeniandikia kurasa chache, ndugu yangu."

Nikamtazama. Sikuamini kwamba uso wa binadamu unaweza kuwa laini namna ile. Nikamwambia nitamwandikia.

Kwa siku tatu niliyafikiria majibu mabaya. Ningeweza kumwekea mapanga kumi. Ningeweza kumwandikia kwamba kitabu kinahusu simba. Kitabu chenyewe, ambacho nilikuwa nimekwisha kukisoma, kilikuwa cha dada wawili wazee waliogawana nyumba kwa kuchora mstari wa chaki sakafuni kwa sababu ya ugomvi, na mmoja akawa kiziwi, na mwenzake akaendelea kumtukana kila asubuhi kwa sauti ya chini, akijua hasikii, mpaka matusi yakageuka kuwa habari za siku: bei ya mkaa, mvua, nani kafa. Nilishika kalamu niandike uongo. Sikuweza. Kila nilipojaribu niliona kana kwamba nawatukana wale wazee wawili, na yule mtu asiyependa kupigwa picha. Nikaandika kweli tupu, kurasa saba, nikaandika vizuri kuliko nilivyowahi kuandika maishani.

Shangazi alipojua, hakusema nami tangu asubuhi hadi magharibi. Kisha akasema, "Umempa mwizi ufunguo, tena umeupaka mafuta usipige kelele."

Nilipanda basi hadi Korogwe kumsikiliza, sijui kwa nini. Labda nilitumaini atajikwaa. Hakujikwaa. Alisoma maneno yangu kwa sauti nzuri, maana sauti alijaaliwa. Alipofika pale mwenye kutukana anaposita siku moja asubuhi, kwa kuwa dada yake upande wa pili wa chaki hajaamka, watu waliacha kujipepea. Muuguzi mmoja aliyekaa mbele yangu alivuta pindo la nguo akajifuta macho. Nilikuwa nimekunja ngumi mapajani. Sentensi zangu, ambazo nazo nilizichota kwa yule Mjapani, zilikuwa zikifanya kazi yake katika kinywa kile kile kilichosema habari za sinia na kutoka rangi, na hazikujali zimebebwa na nani. Alipomaliza akakunja karatasi, akainamisha kichwa.

"Hayo," akasema, "ni maoni yangu binafsi."

Makofi yalipigwa kwa muda mrefu. Nami nilipiga.

Basi la kurudi lilisimama Muheza, abiria wakanunua machungwa madirishani, nami nikanunua. Nyumbani shangazi alinipokea mfuko, akamenya moja, akaniuliza watu walionaje. Nikamwambia kuna mwanamke alilia.

"Alilia wapi?"

"Pale asubuhi ambapo mwenzake hajaamka."

Akatafuna polepole, akatema kokwa. "Basi huyo amesikia," akasema. "Na yule punda?"

"Yule kapigiwa makofi."

"Mwache. Mzigo umefika."

Mwaka uliofuata nilimwandikia hotuba nyingine mbili. Alipandishwa cheo akahamishiwa Dodoma, na nasikia huko walimwita mjuzi wa fasihi ya Kijapani.